Jagi la kaure lenye hilali ya bluu kitakoni: ni Worcester kweli?

Swali (Moshi): Wakuu, kuna jagi dogo la maziwa, kimo sm 9, limetoka kwenye vyombo vya nyumba ya shamba la kahawa upande wa Kibosho. Maua ya bluu chini ya glezi (tabaka la juu linalong'aa kama kioo), kitakoni hilali iliyojazwa mistari, maandishi hakuna. Muuzaji anasema ni Worcester, yaani kaure ya kiwanda cha Worcester, Uingereza, ya miaka ya 1770. Nithibitishe vipi, na wamiliki wake niwafuatilie kuanzia wapi?

Jibu 1: Alama iache mwisho. Kiwanda cha Caughley, Shropshire, Uingereza, walitia herufi C ambayo ikichapwa vibaya hufanana na hilali, na Samson, mtengenezaji wa kaure wa Paris, aliiga Worcester karne ya 19. Kwanza maua: shika lenzi ya mara 10. Hilali ya mistari ya Worcester huendana na picha ya kuchapwa, yaani vistari vyembamba vya bamba la shaba. Ukiona rangi iliyotandazwa kwa brashi, tia shaka. Kazi ya mkono ilipewa hilali tupu. Kisha ingia gizani, weka tochi ndani ya jagi. Mwanga ukipenya, Worcester mara nyingi hutoa ukijani, Caughley rangi ya chungwa. Mwisho tafuta palipomeguka: kaure ngumu ya Samson (ya Worcester ni laini) humeguka kama kioo, glezi na udongo vimeshikana.

Kukosa neno England si ushahidi wa umri. Lilienea kuanzia 1891 kwa ajili ya sheria ya forodha ya Marekani iliyodai bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka.

Jibu 2: Pitisha pia taa ya kukagulia noti kwenye mpini na mdomo. Gundi na rangi ya fundi huwaka tofauti na glezi, na hapo ndipo majagi huvunjika zaidi.

Jibu 3: Kuhusu wamiliki, tafadhali usikioshe kitako! Kibandiko cha karatasi, namba ya wino au chaki ya mnada ndiyo njia yako. Vipige picha kwa mwanga wa ubavuni. Mdai muuzaji maelezo ya maandishi, yenye tarehe na saini: alilipata kwa nani, lini.

Hati ya shamba itakuonyesha nani alimiliki nyumba, si jagi. Mashamba mengi ya Wajerumani Kilimanjaro yalitaifishwa na kuuzwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kwa hiyo vyombo vingeweza kuingia na mwenye shamba yeyote. Kinachofunga ushahidi ni orodha ya mirathi, risiti ya mnada, au picha ya zamani ya sebule ambamo jagi linaonekana. Miaka isiyo na karatasi iandike kuwa ni pengo, usiijaze kwa kukisia.