Ngozi imepona ila macho ndo yanazidi, tufanyeje?

dadamkubwa: Habari zenu wapendwa. Mdogo wangu alianzishiwa kabamazepini kwa ajili ya kifafa, wiki ya tatu hivi ikaja homa, macho mekundu, midomo ikachubuka halafu ngozi ikaanza kubabuka kama ya mtu aliyeungua, wakasema ni Stevens-Johnson. Dawa ikasimamishwa, akalazwa, namshukuru Mungu ngozi imerudi yamebaki mabaka tu. Sasa shida macho. Mwanga hautaki kabisa, anasema anahisi mchanga, akilia machozi hayatoki, asubuhi mpaka nimlowanishie kope ndo zifunguke. Kila mtu anatuambia subirini, yatapona kama ngozi ilivyopona. Ni kweli?

nesi_wa_macho: Pole sana dada. Msisubiri. Ngozi inaweza kupona kabisa huku macho ndo kwanza yanaanza, na ukali wa ngozi haukwambii ukali wa macho. Ule utando wa ndani ya kope nao ulibabuka kama mdomo ulivyobabuka, ukapona na makovu. Vitezi vya machozi na mafuta vinaharibika, nywele za kope zinaota kuelekea ndani, na ukingo wa kope unakuwa mgumu mkavu kama ngozi ya nje, sasa kila akipepesa ule ukingo unakwangua konea, kile kioo cha mbele ya jicho, mchana kutwa. Ikiachwa hivyo mishipa ya damu inaingia kwenye konea na ukungu unakuja taratibu, hata miaka baadaye. Mkienda mwombeni daktari azipindue kope aangalie ndani, asiishie kumulika tu. Na nywele za kope zinazochoma msizikate kwa mkasi, vile vishina vinavyobaki vinachoma zaidi.

baba_k: Mimi yalinipata kwa dawa ya salfa. Matone ya kawaida yalikuwa yananiunguza mpaka nilipopewa yasiyo na kemikali ya kuhifadhi, hayo ndo ya kuomba maana anatumia mara nyingi kwa siku. Ila kilichonirudisha kusoma ni zile lenzi kubwa ngumu za sklera, zinakalia weupe wa jicho na kutunza maji mbele ya konea, kope haigusi tena. Ulizeni pia kuhusu matone yanayotengenezwa kwa damu ya mgonjwa mwenyewe.

dadamkubwa: Asanteni sana jamani. Wodini alipakwa mafuta ya macho tu, daktari wa macho hakuja. Kuna kitu tulikosa?

nesi_wa_macho: Alitakiwa aonwe siku zile zile za mwanzo na kila siku, kope zisigandamane na jicho, na walioathirika sana huwekewa utando wa kondo la nyuma juu ya jicho mapema, wiki ya kwanza hivi. Hilo si kosa lako dada, wewe ungejuaje. Sahivi bado yapo ya kufanya, hata ule ukingo mgumu unaweza kubadilishwa kwa nyama laini ya ndani ya mdomo. Kupandikiza konea ndo msikimbilie, kwenye jicho kavu lenye makovu mara nyingi inakataa. Kifafa anatumia nini sasa?

dadamkubwa: Wamemwandikia fenitoini, anaanza kesho.

nesi_wa_macho: Dada, hiyo asimeze. Fenitoini, fenobabito na kabamazepini zinafanana, aliyebabuka kwa moja anaweza kubabuka kwa nyingine. Na bila dawa yoyote degedege linaweza kurudi, kwa hiyo rudini kwa daktari leo hii na karatasi ya kuruhusiwa, mwambieni wazi Stevens-Johnson, awape ya kundi lingine.

dadamkubwa: Tunatoka sasa hivi.