Wakuu, wateja wa banda hawaielewi anime isiyo na ngumi, nifanyeje?

Mwana Uyole: Habari za jioni wakuu. Niko Mbeya mjini, naendesha banda la video. Kuna anime, yaani katuni ya Kijapani, imeniteka, Ascendance of a Bookworm ya 2019. Ni zile za mtu kufa na kuzaliwa dunia nyingine, ila humu usitafute shujaa wa upanga. Dada mpenda vitabu anafukiwa na vitabu vyake kwenye tetemeko, anazinduka yumo kwenye mwili wa katoto ka miaka mitano, kagonjwagonjwa, baba askari wa lango. Vitabu ni vya makabaila tu, kwao hata karatasi hakuna. Basi anaamua atatengeneza kitabu mwenyewe. Wateja wananinunia, eti hakuna kinachotokea. Nifanyeje waielewe? Usingizi sipati.

Kiazi Mviringo: Weka Jackie Chan kesho, utalala fofofo.

Dada wa Sokomatola: Hiyo naijua! Msimu wa kwanza una vipande 14, nilivimaliza nikiwa nimejifunika blanketi, mvua ya Machi inapiga bati. Wanaosema hakuna kinachotokea wanasubiri vita. Aangalie mikono mtu! Katoto kanasuka nyasi, kanashindwa. Kanafinyanga vibao vya udongo, vinalipuka motoni. Kanachonga vijiti kaandikie, mama mtu anaona kuni hizo, anachochea jiko. Mpaka kaje kapike magome ya miti na majivu, kaponde, kachuje kwenye fremu na mwenzake Lutz, wewe ushalia zamani. Na kenyewe kakitembea kidogo tu, homa.

Babu Mafinga: Karatasi mtuulize sisi wa Mufindi. Ujana wangu nimebeba magogo ya paini kwenda kiwandani Mgololo. Ile harufu mgeni anaziba pua, sisi tunakula ugali. Magogo yanapikwa mpaka yanakuwa uji, hakuna miujiza. Vijana wa leo hamna subira ya kitu chochote.

Mzee wa Kanisa: Kufa na kuzaliwa tena ni mafundisho ya wapi? Oa, kijana, utaacha katuni.

Bibie Tunduma: Mleta uzi, kuna kitu unakiruka. Banda lingekuwa lako ungebadilisha muvi yakaisha. Usingizi unakukosesha nini? Hilo banda la nani?

Mwana Uyole: La baba mdogo. Yuko Chunya kwenye dhahabu.

Bibie Tunduma: Na anajua?

Mwana Uyole: Hajui. Kila Jumapili namtumia hesabu, pengo naliziba mfukoni kwangu. Kabla hamjanirukia, sijaiba hata mia. Na nimeshaandika ubaoni kwa chaki, Jumamosi saa mbili usiku ni hii, mpaka kieleweke. Najua ni siku ya mechi. Mechi si zipo mabanda yote ya Mafiati? Hii iko kwangu tu. Nina wazee wawili na mama wa maandazi, hao hawakosi. Juzi katoto kalipoishiwa nguvu njiani, mama alikuwa ameshika chenji ya mtu, hakuitoa mpaka kalipoamka.

Kiazi Mviringo: Watu watatu kwa mia tano. Baba mdogo atakufanya wewe ndiye uzaliwe dunia nyingine.

Dada wa Sokomatola: Acheni utani. Mdogo wangu, kinachowafukuza si mwendo, ni yale maandishi ya Kiingereza chini. Tafuta dijei akutafsirie hata vipande viwili, uviweke Jumanne mchana banda likiwa tupu. Jumamosi mwachie baba yako mdogo mpira wake.

Mwana Uyole: Dijei atapiga kelele kila mahali, ataharibu ule utulivu. Halafu ubao nishaandika, dada.

Mpelelezi wa Kabwe: Subirini kwanza. Huyuhuyu mwezi uliopita alikuwa na uzi wa kutafuta soko la parachichi, ana shamba Rungwe. Leo ana banda, kesho atakuwa rubani. Hii chai wakuu, tena majani ya Tukuyu.

Kiazi Mviringo: Mama wa maandazi si yupo? Tunywe.

Mwana Uyole: Shamba la mama lile. Niliandika "tunalo".

Babu Mafinga: Kwani parachichi huko kilo inakwendaje? Huku madalali wanatumaliza.

Bibie Tunduma: Baba mdogo, mama... wewe chako ni kipi?

Koti la Baridi *(amejiunga leo)*: Mimi nilikuwepo Alhamisi, nilikaa karibu na mlango. Nilitoka kuwahi daladala ya Iyunga. Yale magome waliyoyalowanisha mtoni, yalifaa au maji yaliyachukua?

Mpelelezi wa Kabwe: Kajiunga leo, ujumbe mmoja. Ni yeyeyule huyo, kabadilisha koti.

Mwana Uyole: Mpelelezi, Jumamosi njoo ukae mbele. Kiingilio chako juu yangu. Koti, sikuambii, na wewe njoo.

Kiazi Mviringo: Na mechi tukaangalie kwa nani?