Vyuo vya 1890 na kilimo: vilifanya nini hasa?

Mkulima wa Kigamboni: Wadau, vyuo vya kilimo vya Wamarekani Weusi viliwasaidiaje wakulima wadogo?

Bwana Shamba: Sheria ya Morrill ya Marekani ya 1890 iliyataka majimbo yaliyowabagua Weusi ama yawapokee ama yawafungulie vyuo vyao. Lakini urithi mkubwa, kwa maoni yangu, ni ugani, yaani kuwapelekea wakulima elimu ya kilimo huko waliko: mwaka 1906 Tuskegee, ambacho ni chuo binafsi ingawa huhesabiwa pamoja navyo, kilianza kupeleka mkokoteni wenye plau, mbegu na mashine ya kutenganisha krimu hadi kwa wakulima wa Alabama.

Mama Kunde: Naongeza, ndugu yangu: George Washington Carver, mtaalamu wa kilimo wa Tuskegee, alihimiza kunde na karanga kwa kuwa vijinundu vya mizizi yake hurudisha nitrojeni kwenye udongo uliochoshwa na pamba. Ukipanda kunde katikati ya mihogo yako, nazo hufanya kazi hiyohiyo.