Tupeane uzoefu: ulipogundua Lee wa Kate Martinelli ni mwanamke, ulifanyaje?

Binti_Likoni:
Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa waliosoma A Grave Talent ya Laurie R. King, riwaya ya upelelezi ya mwaka 1993 iliyopata tuzo ya Edgar kwa riwaya ya kwanza. Kama hujaisoma na unataka kuisoma, ishia hapa, maana siri zote zitamwagwa.

Kwa wasiokumbuka vizuri: tuko San Francisco. Watoto watatu wa kike wameuawa, na maiti zao zimekutwa karibu na Tyler's Road, makazi ya watu waliojitenga na mji. Inspekta Kate Martinelli ndiyo kwanza ameingia kitengo cha mauaji, na amepangwa na Al Hawkin, mzoefu ambaye hakuomba kupewa mgeni. Anayeshukiwa ni Vaun Adams, mchoraji mwenye kipaji kikubwa, aliyewahi kufungwa kwa mauaji ya mtoto. Nyumbani kwa Kate yuko Lee. Mwandishi anatutembeza kurasa nyingi bila kusema kama Lee ni mume au ni mke, halafu anasema.

Mimi nilifika hapo nikiwa kwenye foleni ya feri, na nilichohisi ni uchungu kwa ajili ya Kate. Nilikuwa nimemwona anakwepa kila swali la Hawkin kuhusu kwake, anakatiza mazungumzo, anaondoka mapema. Nikaelewa kwa mara moja kazi yote ile ilikuwa ya nini. Mlinzi wa siri anachoka kabla hata hajaanza kumtafuta muuaji. Nanyi je?

BabaZuhura_Tanga:
Asante kwa uzi, mwanangu. Sisi tuliokulia kwa Elvis Musiba na Ben Mtobwa, mpelelezi tunamjua kwa sura: Willy Gamba, Joram Kiango, kijana mtanashati, mwepesi wa bastola, na warembo hawamwishi. Hatukuona ajabu yoyote kuambiwa Willy kalala wapi na nani, tuliona ni sehemu ya utamu. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla ndiye aliyekuwa wa namna nyingine, mzee wa kiko na fikra.

Basi nilipofika kwa Lee niliiweka alama sehemu ile, nikarudi mwanzo wa kitabu. Nilitaka kuona kama mwandishi amenidanganya. Hakunidanganya. Kila kitu kilikuwapo: ile nyumba nzuri ya Russian Hill ambayo mshahara wa polisi haununui, namna wenzake kazini wanavyomwita Casey wakati nyumbani ni Kate, na jinsi Hawkin anavyokosa hata mahali pa kumfikiria mwenzake akiwa nje ya kazi. Msomaji anafichwa kwa kipimo kilekile alichofichwa Hawkin. Kwa ufundi, hiyo ni upelelezi ndani ya upelelezi, na nilimheshimu mwandishi kuanzia hapo.

Mke wangu nilimsimulia hadithi nzima jioni. Aliuliza jambo moja tu: "Huyo Lee anamtunza?" Nikasema anamtunza. Akasema endelea.

Mtumishi_wa_Neno:
Nitasema la moyoni na naomba nisitukanwe. Imani yangu hainiruhusu kukubali maisha ya wale wawili, na kitabu hakikunibadilisha. Nilipogundua, nilikifunga. Kilikaa mezani siku kadhaa. Kilichonirudisha ni wale watoto watatu. Nilitaka kujua nani aliwaua, na nilitaka Vaun atendewe haki kama hana hatia.

Nilichokiri baada ya kumaliza ni kwamba Kate ni askari mwema. Hapokei rushwa, hampigi mshukiwa, hamwachi mwenzake. Wapelelezi wengi niliowasoma ujanani, ambao hakuna aliyewanyooshea kidole, hawakuwa na hata moja kati ya hayo matatu.

Nesi_Leicester:
Mimi ni muuguzi, nafanya kazi na watu waliovunjika uti wa mgongo, kwa hiyo kilichonigusa kiko mwishoni, na nashangaa hakuna aliyekitaja. Lee anapigwa risasi ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwa sababu kesi ya Kate iliingizwa mle ndani. Hawezi tena kutembea.

Nilikasirika sana. Nimesoma vitabu vya kutosha kujua kwamba mwanamke anayempenda mwanamke akishapata furaha kidogo, mwandishi anamuua au anamlemaza, kana kwamba kuna deni lazima lilipwe. Nikasema, na huyu naye yaleyale.

Lakini nikaendelea na To Play the Fool ya 1995, na hapo ndipo hasira yangu ilipopungua. King hakumtupa Lee. Mwili wake unarudi polepole, kwa maumivu, na nyumba nzima inapangwa upya kuuzunguka. Kate anachoka na anaona aibu kuchoka. Halafu kwenye With Child ya 1996 Lee ameondoka, Kate kabaki peke yake kwenye nyumba kubwa. Wapo wasomaji waliomchukia Lee kwa kuondoka. Mimi wagonjwa wangu wameniambia mara nyingi kwamba kuhudumiwa na unayempenda kunaweza kukufanya ushindwe kupumua. Aliyeandika vile amekaa karibu na wagonjwa, au amesikiliza vizuri waliokaa nao.

jina_limefichwa (Nairobi):
Nimeandika hii nikafuta, nikaandika tena.

Mimi ni mwanamke na mwenzangu ni mwanamke. Mwenye nyumba anajua tuko mtu na binamu yake. Kazini wanajua sijaolewa, na kuna mama mmoja kila Jumatatu ananiambia ananiombea. Mwaka 2019, mwezi wa Mei, Mahakama Kuu ilipokataa kufuta vifungu vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja, watu ofisini walishangilia mbele ya televisheni, na mimi nilisimama palepale na kikombe cha chai mkononi, nikijitahidi uso wangu usiseme kitu.

Kwa hiyo mimi sikushtuka kuhusu Lee. Nilijua mapema sana, kabla mwandishi hajasema. Nilijua kwa vile Kate anavyojibu simu. Mtu akiuliza "jana ulifanya nini?" yeye anataja mahali na hataji mtu. Mimi nafanya hivyohivyo. Unajifunza kusimulia wikendi yako nzima bila kusema "sisi".

Nilisoma kwa simu, kwenye matatu, mwanga wa kioo nimeupunguza. Mwenzangu alisoma baada yangu, na tulipofika kwenye risasi tuligombana kabisa. Yeye alisema Kate ana kosa kuleta kesi nyumbani. Mimi nilisema maskini, ile ndiyo mara ya kwanza maisha yake mawili yamekaa chumba kimoja, naye alistahili kuwa nayo pamoja hata siku moja. Bado hatujakubaliana.

Mtumishi, nimesoma maneno yako. Sikutukani. Umesema alikuwa askari mwema, na nimelishika hilo.

Mtumishi_wa_Neno:
Dada yangu, nimekusikia. Mungu akulinde huko uliko.

Msomi_wa_Iringa:
Niongeze historia kidogo, kwa sababu naona watu wanamchukulia Martinelli kama wa kwanza. Katherine V. Forrest alimleta Kate Delafield, mpelelezi wa polisi wa Los Angeles, mwaka 1984 katika Amateur City. Uskoti nako Val McDermid alianza na Lindsay Gordon mwaka 1987, mwandishi wa habari asiyeficha kitu na asiyeomba radhi. Nilianza na Lindsay, na nilipokuja kwa Martinelli niliona anajificha mno, nikakosa subira naye. Baada ya kumsoma dada wa Nairobi nitarudia kitabu.

Binti_Likoni:
Nimewasoma wote. Nesi, sikukubali kwamba hasira yako ipungue upesi hivyo. Mimi bado naona risasi ile ilikuwa ukatili wa mwandishi. Muuaji angeweza kukamatwa na Lee akabaki mzima, na riwaya isingepoteza kitu. Kama una hoja dhidi ya hilo nataka kuisikia.

Mzee wa Tanga, mwambie mama tunasubiri maoni yake ya sehemu ya pili. Na aliye Mombasa asiye na To Play the Fool anitumie ujumbe, ninayo nakala ya karatasi, naazimisha.

Nesi_Leicester:
Hoja ninayo. Bila risasi ile Kate angerudi kazini Jumatatu akiwa Casey, na hakuna ambaye angejua. Ni baada ya risasi ile ndipo siri ya Lee ilipotoka nje. Niambie wewe ungeifikishaje siri ile mwisho wake bila damu, kwa mtu aliyeificha namna ile. Nikitoka zamu ya usiku nitasoma jibu lako.