Aliyekaa kitini ajulikane: mjadala wa roboti wakala, kutoka Tanga

Wana Tanga wenzangu, wazee shikamooni, vijana habari zenu. Naleta hoja, na msimamo wangu nauweka mezani mapema ili anayepinga ajue pa kuanzia. Mtu yeyote anayefanya kazi, anayetibu, anayeingia nyumba za watu au anayehudhuria shughuli kupitia roboti anayoiendesha kwa mbali, lazima ajulikane kwa jina na mahali alipo. Asiyetaka kujulikana, roboti yake isipokelewe.

Ubishi ulianzia kwenye filamu ya Kimarekani ya mwaka 2009, Surrogates, iliyoongozwa na Jonathan Mostow, Bruce Willis akiigiza mpelelezi wa FBI. Siku hizi imezunguka tena kwenye simu za vijana wa Ngamiani, na barazani kwetu kahawa hainyweki bila kutajwa. Kwa ambaye hajaiona: karibu kila mtu amejifungia ndani, amelala kwenye kiti, kavaa vifaa kichwani, na roboti yenye sura anayoipenda ndiyo inayokwenda kazini, dukani na kwenye starehe kwa niaba yake. Roboti ikigongwa na gari, mwenyewe haumii. Halafu inatokea silaha inayopenya kwenye roboti mpaka kwa mwenyewe, akafia pale pale kitini.

Barazani wengi wameishia kwenye uvivu na urembo, kwamba watu watanenepa, watasahau kutembea, watazeeka gizani. Yapo hayo, lakini mimi yamenishika mengine. Mwanzoni inaharibiwa roboti yenye sura ya msichana mrembo sana, na polisi wakifuatilia mpaka kwa mwenyewe wanakuta mwanamume mzima, mnene, amekufa kwenye kiti. Waliocheza naye muziki usiku ule hawakujua wako na nani. Kubwa zaidi ni yule kiongozi wanayemwita Nabii. Anahubiri usiku na mchana dhidi ya roboti, ana eneo lake ambako roboti haziingii, watu wameacha kila kitu wakamfuata. Mwisho inabainika kwamba yeye mwenyewe ni roboti, na anayemwendesha ni yule yule mzee aliyezivumbua. Watu walimpa roho zao mtu wasiyemjua, na hawakuwa na njia ya kumuuliza. Uvivu unamdhuru mvivu. Kujificha kunamdhuru yule uliyekaa naye meza moja.

Wako wanaosema haya ni mambo ya sinema, tuyaache. Hapana, yapo tayari, tena kwa sura mbalimbali, na ndiyo maana nataka tuyajadili kabla hayajatufikia kwa kishindo.

Tarehe 7 Septemba 2001 daktari Jacques Marescaux alikaa New York akamfanyia upasuaji wa kutoa kibofu cha nyongo mwanamke aliyelala Strasbourg, Ufaransa, kwa mikono ya roboti na waya wa mawasiliano uliopita chini ya bahari. Amri ya mkono wake mpaka picha irudi machoni pake ilichukua kama sekunde 0.15. Mgonjwa alijua anapasuliwa na nani, na palikuwa na madaktari pembeni ya kitanda, tayari kushika kazi mawasiliano yakikatika.

Tokyo upo mkahawa uliofunguliwa mwaka 2021 ambako roboti ndogo za OriHime zinapokea wateja na kuzungumza nao. Wanaoziendesha ni watu wenye ulemavu na wagonjwa wasioweza kutoka nyumbani, wengine hawawezi hata kuinua mkono. Mteja anasalimiwa na mtu mwenye jina, anaambiwa yuko mji gani, wanapiga soga. Kuna wateja wanaorudi kwa sababu ya yule mtu.

Japani hiyo hiyo, nyuma ya majokofu ya maduka ya FamilyMart, ziko roboti zinazopanga chupa za vinywaji. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba zitawekwa kwenye maduka 300. Roboti ikikwama, chupa ikianguka, mtu anavaa miwani ya kuonea kwa mbali na kuiendesha mikono ya roboti, na kati ya watu hao wamo vijana waliokaa Manila, Ufilipino. Mteja anachukua chupa yake ya chai na kuondoka. Hajui kama kuna mtu.

Nchi moja, teknolojia zinazokaribiana. Kule mkahawani mfanyakazi ana jina, mshahara wake unajulikana ni wa nani, mteja akimkosea adabu amemkosea binadamu. Huku dukani ni sehemu ya jokofu. Mimi nataka vya kwanza viruhusiwe Tanzania na vya pili vikataliwe mpaka virekebishwe.

Na tusiambiwe kwamba sisi watu wa pwani hatulijui jambo hili. Uwakala tumeishi nao karne na karne. Bwana harusi aliye safarini anamtuma wakili, na ndoa inafungwa. Lakini wakili hasemi "nimekubali" halafu akanyamaza. Anamtaja aliyemtuma, jina lake na la baba yake, mbele ya walii na mashahidi wawili, na shehe akisikia jina linababaika anasimamisha shughuli. Anayehiji kwa niaba ya mgonjwa au marehemu anamtaja anayemhijia. Ndugu zetu Wakristo wana wazazi wa ubatizo, wanaandikwa kwenye kitabu cha parokia. Sala hatumtumii mtu, kila mmoja anasimama mwenyewe. Kwa hiyo tunayo mizani: yapo yanayokubali wakala na yapo yasiyokubali, na hata yanayokubali, mtumaji lazima ajulikane.

Nimeweka hoja hii kwa wenzangu kwanza kabla ya kuileta hapa, na nimepata upinzani mzito. Nautaja ulivyo.

Mzee mmoja wa Barabara ya Saba anakataa kila kitu. Kwake yeye roboti isikanyage msibani wala kaburini, basi. Namheshimu, na kwenye kubeba jeneza na kutia mchanga nakubaliana naye: kazi ya mikono ile ni haki ya maiti kwa waliopo. Ila mzee wangu, tayari tumeshaanza. Mwaka jana nilikuwa maziko ambapo kijana alisimama ukingoni mwa kaburi, kainua simu juu ya vichwa vya watu ili kaka yake aliye Muscat amuone mama akishushwa. Mkono ulimchoka, akaushika kwa mkono wa pili, na sauti ya kulia ikawa inatoka kwenye simu wakati wa dua. Hakuna aliyemwambia azime. Tulijua analia nani, mtoto wa nani, na kwa nini hakuweza kusafiri. Siku simu hiyo ikiwa na magurudumu na shingo inayogeuka, sioni haramu iliyoongezeka. Lakini kikiingia chombo uani kwa wanawake, kinazungusha kichwa, na hakuna anayejua aliye nyuma yake, hapo nitakuwa wa kwanza kukitoa nje.

Na hilo la uani si la kufikirika. Oktoba 2025 kampuni ya 1X ilitangaza roboti ya nyumbani kwa dola 20,000, inayokunja nguo na kupanga vyombo. Kazi isiyoiweza, mtu wa kampuni anaiendesha kutoka mbali, akiona kupitia kamera zake, kwa idhini ya mwenye nyumba. Tafakari chumba chako, nguo za mkeo kwenye kapu, mtoto anaoga. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake. Naiomba Tume iseme wazi, kabla ya chombo cha kwanza kupita forodhani, kwamba mwenye nyumba ana haki ya kujua jina la anayemtazama.

Upinzani ulioniumiza ni wa dada mmoja wa Makorora anayetembelea baiskeli ya miguu mitatu. Aliniambia hivi: "Kaka, nikiwa nyuma ya roboti, kwa mara ya kwanza mtu atanisikiliza kabla hajaitazama miguu yangu. Wewe unataka kunitoa hadharani tena." Nimekaa na maneno yake. Jibu langu ni kwamba jina na mahali ulipo vinatosha. Sura chagua uipendayo, sauti uipendayo, na ulemavu, ugonjwa au umri wako asikuulize mtu. Anayestahili kukujua anajua anazungumza na nani na ampate wapi likitokea neno. Kama kuna mwenye ulemavu hapa anayeona bado nambana, aseme, maana huyu ndiye mtu ambaye teknolojia hii inamfaa kuliko sote.

Kijana wa Mikanjuni, ana stashahada na hana ajira, yeye alinijia juu: "Masharti yako yatazifukuza kazi ziende Kenya." Mdogo wangu, kazi hizo nazitaka kama unavyozitaka. Lakini mkoa huu ulijengwa kwa jasho la watu wasio na majina. Manamba waliletwa kwenye mashamba ya mkonge kutoka Kigoma, Njombe, Msumbiji, Rwanda na Burundi, wakahesabiwa kwa namba, na wengine hata makaburi yao hayajulikani. Mtu aliyehesabiwa hivyo alidai nini, kwa nani? Ukikaa na miwani ile kutwa utapata kichefuchefu na kizunguzungu, macho yatauma, mgongo utauma. Utakapokwenda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi swali la kwanza litakuwa mwajiri wako ni nani. Kama huko iliko roboti hawajui hata kwamba upo, na hapa uliandikishwa na wakala wa wakala, utamtaja nani? Jina lako likiwa kwenye mkataba, na jina la mwenye roboti likiwa kwenye mkataba huo huo chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, hapo kazi ni kazi.

Sasa nigeuze upande, maana tumezungumza kama vile sisi tu ndio tutakaokaa kitini. Bandari yetu imebadilika. Wengi hapa mnakumbuka meli zikitia nanga mbali, mzigo ukishushwa kwenye matishari ndipo uletwe gatini. Kina kimechimbwa kutoka mita 3 hadi 13, meli zinakuja moja kwa moja gatini. Chongoleani bomba la mafuta linaishia baada ya kilomita 1,443 kutoka Uganda. Vyombo vikubwa vinakuja na wenyewe, na huko duniani ziko winchi ambazo hazina tena mtu juu: Rotterdam tangu mwaka 2015 kuna gati ambalo waendeshaji wa winchi wamekaa ofisini, mbele ya skrini. Kwa usalama wao ni jambo jema, kupanda kule juu na kuinama kutwa kunavunja shingo. Lakini mwenye kukaa ofisini Rotterdam anaweza kukaa ofisini popote. Leo kuli wa Tanga akiinua macho anamuona mwendesha winchi, anamjua kwa jina, anampigia mluzi akiona mnyororo umekaa vibaya. Kesho kontena likimwangukia, na aliyelishika yuko nchi nyingine kwa zamu ya usiku, familia yake iende kituo gani cha polisi?

Na waya je? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikadorora nchi nzima, watu wakakaa siku kadhaa wakihangaika kutuma hata ujumbe. Mzigo ukiwa hewani saa hiyo, nani mwenye amri ya kuushusha kwa mkono, na yuko gatini au hayupo? Pale Strasbourg madaktari walisimama pembeni ya kitanda. Nataka sharti hilo hilo kwa winchi: mtu mwenye jina kitini, na mtu mwenye jina gatini anayeweza kuikata mashine papo hapo.

Hizo ndizo hoja zangu. Mliomo bandarini, semeni kama mkataba wowote wa vyombo vipya mliousikia unataja mwendeshaji wa mbali. Wanasheria, nisaidieni hapa: aliye nje ya nchi akiua mtu Tanga kwa mashine, mahakama yetu inamfikiaje, na je, tumbane mwenye mashine aliyeko hapa badala yake? Mimi naelekea huko kwenye kumbana mwenye mashine, lakini dada wa Makorora akinunua roboti yake mwenyewe, sheria hiyo hiyo itamuelemea yeye peke yake, na sijaona namna ya kulitenganisha hilo. Karibuni.