Mrejesho: pikipiki iliyokuwa inazima yenyewe imepona

Wakuu, narudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Kwa aliyesahau: pikipiki yangu ya cc 150 ilikuwa inazima ghafla, taa na honi zote kimya, halafu baada ya dakika chache inawaka vizuri tu. Fundi wa kwanza alinibadilishia plagi, wa pili sidiai (CDI, kile kiboksi kinachoendesha cheche za plagi). Hela ikaenda, ugonjwa ukabaki palepale.

Kuna mkuu aliniambia niache kubadilisha vifaa, niangalie kwanza inazima wakati gani. Jana nimeiwasha ikiwa imesimama, nikawa nakata usukani taratibu. Nikifika mwisho wa kushoto taa zinafifia, injini inakata. Betri nilishaipima: volti 12.6 ikiwa imezimwa, 14.1 nikivuta mafuta, kwa hiyo chaji haina shida.

Nikafungua taa ya mbele, nikafuata waya za swichi ya funguo mpaka shingoni. Waya mwekundu kwa macho ulikuwa mzima kabisa, ila nilipoupinda sehemu moja ukalegea kama uzi. Nikachana ganda: nyuzi za shaba zimekatika, zimebaki tatu tu, nyeusi kwa kuungua. Nimeunga kipande kipya cha unene uleule kwa risasi ya kuchomelea waya, nikakiachia urefu kidogo ili usukani usiuvute.

Leo nimeshinda barabarani, tena njia ya vumbi yenye makorongo, haijazima hata mara moja. Sidiai ya zamani nimeirudisha na inapiga kazi. Asanteni sana, wakuu.