Kwilti ya Krismasi imenikalia tangu mwaka juzi, nianzie wapi?

mama_wawili_mn
Habarini za huko jamani. Niko Minnesota, theluji imeshaanza kudondoka na mi bado nina kazi za Krismasi za mwaka juzi zimejaa kwenye tenga, naomba ushauri kwa wanaoshona nyumbani kwa cherehani ya kawaida. Ziko tatu. Kuna soksi mbili za watoto za kutundika, zimekatwa tu. Kuna kile kitambaa cha duara cha kuzungushia chini ya mti, kimebaki kutiwa utepe ukingoni. Halafu kuna kubwa lao, kwilti (blanketi la viraka lenye uso, pamba ya ndani na bitana ya chini) ya inchi 60 kwa 80, nyekundu, kijani na nyeupe yenye chapa za theluji, ule mtindo wa vipande virefu vinazunguka kiraba chekundu katikati, kina mama wa kanisani walionifundisha wanasema kile chekundu ni moto unaowaka ndani ya nyumba.

Uso wa kwilti umeisha na pasi nimepiga. Kilichonishinda ni kuunganisha uso na pamba na bitana, nilijaribu pembeni kidogo nikageuza nikakuta chini kumejikunja mikunjo tele, nikafumua nikaliweka na sijaligusa tena. Na bitana nataka iwe doti ya kanga aliyonipa mama Tanga siku naondoka, nyekundu na nyeupe, jina lake WEMA HAUOZI. Naogopa itoe rangi iharibu nyeupe zote za juu. Mama kila akipiga simu anauliza kanga nimeifanyia nini.

bi_mshoni_msa
Mwanangu pole na hongera, maana kumaliza uso ndio kazi yenyewe. Hicho unachoshona bibi zetu walikiita mfarishi. Mikunjo ya chini ni kwa sababu hukupiga bandi, ile mishono ya muda ya kushikiza, usitie cherehani kitu cha matabaka matatu bila bandi hata siku moja. Tandaza bitana sakafuni upande mzuri uangalie chini, ivute iwe sawa lakini usiinyooshe kama ngoma, bandika kingo kwa ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi. Weka pamba juu, kisha uso. Anza katikati uende nje ukipiga bandi kwa uzi mweupe, mishono mirefu, au tumia zile pini za nepi kila baada ya upana wa kiganja. Utaumwa magoti mwanangu lakini hapo ndipo mfarishi unapotulia.
Kanga iroweke kwenye maji ya chumvi usiku mmoja, rangi itashika.

shona_iowa
Dada mimi ni jirani yako hapa Iowa, mwaka wa sita nashona kwilti. Kwanza panga kwa tarehe. Kitambaa cha mti kinatakiwa kabla mti haujasimama kwahiyo hicho ndio cha kwanza, ni jioni moja tu. Soksi jioni ya pili. Kwilti yako ina chapa za theluji na baridi ya huko inafika mpaka Machi, hata ikiisha Januari watoto watajifunika miezi miwili, usiishone kwa kukimbizana na tarehe 25 ukaiharibu.

Pili, si lazima upitishe cherehani. Zile blanketi ambazo kina mama wa makanisa wanashona kwa ajili ya Lutheran World Relief, shirika la misaada la Walutheri, nyingi zimefungwa kwa mafundo tu na ukubwa wao ni huohuo 60 kwa 80. Unachukua uzi wa pamba wa kufumia, sindano inashuka matabaka yote matatu na kupanda karibu na iliposhukia, unafunga kulia juu ya kushoto halafu kushoto juu ya kulia, unakata ukibakiza kama inchi moja. Soma paketi ya pamba imeandika mwisho wa nafasi kati ya mafundo, mi hufunga kila inchi 5. Ukitaka cherehani basi tafuta ule mguu mpana unaovuta kitambaa cha juu sawasawa na cha chini, ongeza urefu wa mshono ufike 3, na uweke meza ya pasi pembeni ibebe uzito, maana kwilti ikining'inia inavuta sindano na mstari unapinda.

Bi Mshoni shikamoo, naomba nichangie kwenye chumvi kwa heshima. Kitambaa kilichotoka kiwandani kimeshatiwa rangi tayari, chumvi haiongezi kitu, mimi niliiamini na kitenge chekundu kikanigeuzia theluji zote kuwa za waridi. Kinachosaidia ni kufua kanga peke yake mara nyingi mpaka maji yatoke meupe, kisha kipande cheupe kilicholowa uweke juu yake upige pasi uone kama kinashika rangi. Kwilti ikiisha, ufuaji wa kwanza tia karatasi za kunasa rangi, maji mengi, na uitoe mashine ikisimama tu. Ikichuja usiikaushe kwa moto, irudishe majini.

bi_mshoni_msa
Marahaba mwanangu. Nimekusikia, ni kweli mi nilikuwa nafua mara tatu nne baada ya chumvi, labda huko kufua ndiko kulikosaidia. Lakini doti haitoshi kwa kipimo hicho! Kanga ni kama sentimita 150 kwa 110, ukiunganisha mbili kwa upande mrefu unapata inchi 59 kwa 86 hivi na wewe unahitaji 68 kwa 88. Ongeza flana nyekundu pande zote mbili na kipande kidogo miguuni. Pindo usizikate, na majina yote mawili yasomeke upande mmoja, moja litakaa katikati na jingine miguuni.

njombe_baridi
Mie niko Njombe, baridi yetu ni Juni na Julai, pamba za kwilti hapa sizipati natumia blanketi kuukuu jembamba kama tabaka la ndani, linashika vizuri na halisogei. Utepe wa ukingoni kata kitenge kwa urefu wa yadi 6, vipande viwili vya inchi mbili na nusu vinazunguka yote na viungo ni vichache sana.

mama_wawili_mn
Asanteni sana, Bi Mshoni Mungu akuweke. Kitambaa cha mti kimeisha jana. Kanga nimezifua kwenye beseni, maji ya kwanza mekundu kabisa, ya pili waridi, ya nne ndio nikaona mpaka chini ya beseni. Nitafunga mafundo, na uzi wake nimechagua wa kijani. Flana nanunua Jumamosi, na mama nimempigia video akaona jina lipo zima, akaniambia nisikate hata uzi mmoja wa pindo.